Glakoma haibishi hodi: Vipimo vinavyookoa macho, na karatasi ambazo mfanyabiashara wa mpakani hapaswi kuzipoteza

ILIKUWA Jumamosi, siku ya soko la Taveta. Mama wa miaka 52, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akivusha maharage na ndizi kutoka upande wa Moshi kupitia Holili, alikuwa akitembea kando ya barabara huku akihesabu magunia yake kwa macho. Mkokoteni uliokuwa ukija kushoto kwake hakuuona. Ulimgonga nyonga, akaanguka, na kijana aliyekuwa akiusukuma akapaza sauti: “Mama, huoni?”

“Nilimjibu kwa hasira kwamba naona kuliko yeye,” anakumbuka mama huyo, aliyeomba jina lake lisitajwe. “Na nilikuwa nasema kweli. Meseji za simu nasoma bila miwani. Mtu akinipa noti bandia namjua kabla hajaondoa mkono.”

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza aligonga bega kwenye nguzo ya kibanda. Mara ya pili alikanyaga nyanya za jirani yake zilizopangwa chini sokoni, wakakosana. Alinunua miwani kwa mchuuzi, akabadilisha akanunua nyingine. Hakuna kilichobadilika.

Binti yake ndiye aliyempeleka hospitali. Huko akasoma herufi za ukutani, jicho la kulia hadi mstari wa mwisho, la kushoto karibu sawa na hilo. Akaanza kumtania binti yake kwamba wamepoteza siku ya biashara bure. Saa mbili baadaye daktari alimketisha na kumwambia maneno ambayo hajayasahau: “Mama, macho yako yanaona vizuri mbele. Yanakufa pembeni.”

Ugonjwa huo ni glakoma, ambao wengi wetu tunauita presha ya macho.

Mwizi asiyevunja mlango

Jina hilo la presha limewachanganya wengi. Presha ya macho si presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na kipimo cha mkononi cha presha ya damu hakiwezi kueleza lolote kuhusu presha iliyo ndani ya jicho.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji kila wakati. Si machozi, ni maji yanayolisha sehemu za mbele za jicho na kulifanya libaki na umbo lake. Maji hayo hutoka kupitia kichujio kidogo kilichoko kwenye pembe, pale sehemu yenye rangi ya jicho inapokutana na kioo cha mbele kiitwacho konea. Kichujio kikianza kuziba, maji yanaingia kuliko yanavyotoka, na presha inapanda. Inayoumia ni neva ya macho, mshipa wa fahamu ulioko nyuma ya jicho, wenye nyuzi karibu milioni 1 zinazopeleka picha kwenye ubongo.

Nyuzi hizo hufa kidogo kidogo, na kwa kawaida zinazoanza kufa si zile za katikati zinazotusaidia kusoma na kutambua sura. Sehemu za pembeni hupungua kwanza. Jicho moja linafidia pengo la jingine, na ubongo nao unajaza palipobaki kwa kukisia. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma herufi zote za ukutani huku akigongwa na mkokoteni.

Hapa ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Ukiondolewa kwa upasuaji, mtu huona tena. Uzi wa neva uliokufa kwa glakoma haurudi. Hakuna matone, miwani wala upasuaji unaoweza kuufufua. Kazi yote ya daktari ni kulinda kilichobaki, na ndiyo sababu siku ya kugundua ina uzito kuliko kitu kingine chochote.

Afrika inabeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, katikati ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Pima mwenyewe kwa idadi ya wenzako wa rika hilo mnaokaa pamoja siku ya gulio.

Ipo pia aina nyingine, nadra zaidi kwetu, ambayo haiji kimya. Jicho huuma vikali ghafla, huwa jekundu, mtu huona duara za rangi kuzunguka taa na hata kutapika. Huyo asisubiri soko liishe. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

Kupima presha: Namba ya kwanza

Kipimo kinachofahamika zaidi ni cha presha yenyewe. Unawekewa tone la ganzi, na tone lenye rangi ya manjano. Unaegemeza kidevu na paji la uso kwenye mashine, na daktari anasogeza ncha ndogo yenye mwanga wa buluu hadi iguse konea. Mashine inapima nguvu inayohitajika kubonyeza sehemu ndogo sana ya konea hadi iwe bapa. Hakuna maumivu, na inachukua sekunde chache. Njia hii inatokana na kazi ya Hans Goldmann, daktari wa Uswisi, ya miaka ya 1950, na hadi leo ndiyo inayotumika kupimia usahihi wa nyingine. Vipo pia vifaa vya mkononi vinavyogusa jicho kwa kasi bila ganzi, na vingine vinavyopuliza hewa.

Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mama wa Holili alikutwa na 26 jicho la kulia na 31 la kushoto.

Hata hivyo, namba hiyo peke yake inaweza kudanganya. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kwa hiyo iliyopimwa saa 2 asubuhi inaweza kutofautiana na ya saa 9 alasiri. Wapo wenye glakoma ambao presha yao husoma chini ya 21, na wapo wenye 24 ambao neva zao ni nzima. Unene wa konea nao una athari. Kwa wastani ni karibu nusu milimita. Ikiwa nyembamba kuliko kawaida, mashine husoma presha ndogo kuliko ile halisi. Ndiyo maana daktari makini hupima pia unene wa konea, angalau mara moja.

Kwa hiyo ukiambiwa kwenye kambi ya vipimo kwamba “presha yako iko sawa”, umepata habari njema nusu. Uliza kama neva imeangaliwa.

Kuchungulia neva

Daktari huiangalia neva kwa kupitisha mwanga kwenye mboni. Ili aone vizuri, huweka matone ya kuipanua. Matone haya hufanya vitu vya karibu vionekane kwa ukungu kwa saa kadhaa, na mwanga wa jua huumiza. Usiende kupimwa siku utakayopokea malipo, na usiendeshe gari wala pikipiki kurudi nyumbani.

Anachotafuta ni umbo la kichwa cha neva. Kinafanana na kisahani chenye kijishimo katikati. Nyuzi zikifa, kijishimo hupanuka na ukingo wa kisahani hupungua. Madaktari huandika upana wa kijishimo ukilinganishwa na kisahani kizima. Kwa watu wengi ni karibu 0.3. Kikifika 0.7, au kama jicho moja limepishana sana na jingine, daktari huanza kushuku. Mama wa Holili aliandikiwa 0.6 kulia na 0.9 kushoto.

Kuna kipimo kingine ambacho hurukwa mara nyingi palipo na foleni ndefu. Daktari huweka juu ya jicho, baada ya ganzi, lenzi ndogo yenye vioo, na kuangalia ile pembe yenye kichujio kama iko wazi au imebanwa. Jibu ndilo linaloamua aina ya glakoma na aina ya matibabu.

Bakuli jeupe na kitufe

Kipimo ambacho wagonjwa hukichukia zaidi ndicho kinachoeleza maisha yao zaidi: kipimo cha uwanja wa kuona. Unafunikwa jicho moja na kutazama ndani ya bakuli jeupe. Macho yasitoke kwenye nukta ya katikati. Taa ndogo huwaka na kuzima sehemu mbalimbali, na kila uionapo unabonyeza kitufe.

“Nilitoka jasho,” anasema mama huyo. “Kuna muda mrefu sikuona kitu, nikadhani mashine imeharibika. Nikaanza kubonyeza ovyo nisionekane nimefeli.”

Hilo ni kosa la wengi. Mashine imetengenezwa kutafuta mwanga hafifu kabisa unaoweza kuuona, hivyo hata mwenye macho mazima hukosa taa nyingi. Ukibonyeza bila kuona, mashine hugundua, na karatasi yako huandikwa kwamba haitegemeki. Bonyeza unapoona tu. Ukichoka, shikilia kitufe au umwambie mhudumu, apumzishe mashine.

Karatasi inayotoka ina ramani ya rangi ya kijivu na nyeusi. Penye weusi ndipo unapokosa kuona, isipokuwa doa moja la kawaida ambalo kila binadamu analo. Kwa kawaida kipimo cha kwanza hutoka kibaya kwa sababu mtu bado anajifunza, kwa hiyo hurudiwa kabla ya kuaminiwa. Cha mama huyu kilirudiwa baada ya wiki tatu. Weusi wa jicho la kushoto haukuondoka. Alikuwa amepoteza karibu nusu ya juu ya uwanja wa jicho hilo, na upande wa nje ukifuatia. Mkokoteni ulipitia hapo.

Picha ya unene wa nyuzi

Hospitali kubwa zina mashine ya nne, inayopiga picha za matabaka ya nyuma ya jicho kwa mwanga, bila mionzi ya eksirei. Teknolojia hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Hupima unene wa tabaka la nyuzi kwa mikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na kulinganisha na watu wenye umri kama wako. Kijani ni kawaida, manjano ni mpakani, nyekundu ni pembamba kuliko inavyotarajiwa.

Faida yake ni kuwahi. Uchunguzi wa macho ya marehemu umeonyesha kwamba robo au hata theluthi ya seli za neva zinaweza kuwa zimekwisha kufa kabla ramani ya uwanja wa kuona haijaonyesha doa linaloeleweka. Picha inaweza kuliona pengo hilo mapema.

Lakini shika hili, wewe unayelala Moshi leo na Nairobi kesho: namba za mashine ya kampuni moja hazilinganishwi moja kwa moja na za kampuni nyingine. Ukipigwa picha ya kwanza mji huu na ya pili mji mwingine kwa mashine tofauti, unaweza kuambiwa umezidiwa kumbe hujazidiwa, au uko salama kumbe sivyo.

Kipimo kimoja ni bei ya leo tu

Hapo ndipo kilipo kisa chenyewe cha mama huyu. Alipoulizwa kama amewahi kupimwa macho, alisema ndiyo, miaka sita nyuma, upande wa pili wa mpaka. Alipewa karatasi na matone. Chupa ilipokwisha hakuona tofauti yoyote, akaacha. Karatasi ilipotelea kwenye mizigo.

“Daktari aliniuliza mara tatu: hukumbuki hata namba? Nikamwambia baba, mimi nakumbuka bei ya gunia ya mwaka huo, namba ya jicho sikumbuki.”

Daktari alimweleza kwa lugha yake. Bei ya leo haikuambii kama soko linapanda au linashuka. Mpaka ujue ya wiki iliyopita, na ya msimu uliopita. Glakoma ni vivyo hivyo. Kipimo cha leo kinaonyesha ulipo. Vipimo vya miaka sita vingeonyesha unakwenda kwa kasi gani. Wapo wanaopoteza nyuzi polepole kiasi kwamba watazeeka wakiwa wanaona. Wapo wanaoteremka kwa kasi na wanahitaji upasuaji mapema. Siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa mpya huwekewa msingi: presha, unene wa konea, hali ya pembe, picha ya neva na angalau ramani mbili za uwanja wa kuona. Kisha daktari huweka presha lengwa, mara nyingi chini ya ile ya kwanza kwa robo au theluthi. Ukianza dawa unarudi baada ya wiki chache kuona kama imefanya kazi. Ukitulia, unarudi kila baada ya miezi michache, na ramani hurudiwa mara moja au mbili kwa mwaka, zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Kila mara swali ni lile lile: kuna kilichosogea?

Kushusha presha kuna faida iliyothibitishwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu 1,636 wenye presha ya juu lakini neva nzima walifuatiliwa. Baada ya miaka mitano, waliopewa matone walioonyesha dalili za glakoma walikuwa asilimia 4.4, na wasiopewa asilimia 9.5.

Matone, leza na maisha ya safari

Matone ya kila siku ndiyo njia ya kawaida, lakini si rafiki wa msafiri. Latanoprosti, inayowekwa mara moja usiku, kwa aina nyingi huhitaji friji kabla ya kufunguliwa, na chupa iliyoachwa kwenye dashibodi ya basi haiaminiki. Ikishafunguliwa hudumu wiki chache tu. Andika tarehe juu yake. Timolo ni nafuu na inapatikana, ila mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole lazima aseme kabla ya kuandikiwa. Ukivuka mpaka utakuta majina ya kibiashara tofauti, hivyo shika jina la dawa yenyewe na nguvu yake.

Njia ya pili ni leza, inayolenga kichujio ili maji yatoke vizuri zaidi. Hii ina ushahidi wa hapa hapa kwetu. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 wenye glakoma walipangwa kwa kura, wengine matone ya timolo, wengine leza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 31 ya macho yaliyopewa matone na asilimia 61 ya yaliyopigwa leza. Kwa mtu ambaye wiki yake inagawanyika kati ya nchi mbili, inafaa kumuuliza daktari kama leza inamfaa. Leza nayo haimalizi safari. Nguvu yake inaweza kupungua, na vipimo vinaendelea. Vyote viwili vikishindwa, upo upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji.

Na kuna tahadhari moja ya madirishani mwa maduka ya dawa. Matone yanayoondoa wekundu na muwasho haraka wakati mwingine yana steroidi, kama deksamethasoni. Yakitumiwa kwa wiki nyingi bila daktari, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma yenyewe.

Bahasha ya plastiki

Wa kupimwa kwanza ni nani? Yeyote aliyefika miaka 40, na hasa mwenye mzazi, kaka au dada mwenye ugonjwa huu. Mama wa Holili alipoulizwa kuhusu ukoo alinyamaza kidogo. Baba yake alikufa akiwa haoni. “Tulisema ni uzee. Wengine walisema amefanyiwa na watu. Hakuna aliyesema glakoma.”

Alirudi nyumbani akampigia simu mdogo wake, dereva wa lori wa miaka 45. Mdogo wake alisema macho yake ni mazima, anaona hadi mlimani. “Nikamwambia, mdogo wangu, hivyo ndivyo nilivyomjibu yule kijana wa mkokoteni.” Alipimwa. Presha yake ilikuwa 27 macho yote mawili. Neva zilikuwa zimeanza kuonyesha dalili, lakini ramani yake ya kuona ilikuwa bado nyeupe. Amewahiwa.

Mama mwenyewe amepigwa leza na anaweka tone moja usiku. Presha yake ya mwisho ilikuwa 15 na 16. Jicho la kushoto halitarudi lilivyokuwa, naye anajua. Sokoni sasa hutembea akigeuza kichwa kushoto, na mjukuu wake hukaa upande huo.

Ana bahasha ya plastiki inayofungwa kwa zipu, ambayo kwa miaka huweka cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile kinachomwezesha mfanyabiashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 bila usumbufu. Tulipokutana naye aliifungua. Nyuma ya cheti zilikuwamo ramani tatu za uwanja wa kuona, picha za neva, na ukurasa wa daftari alioandika mwenyewe kwa kalamu: tarehe, saa, kulia, kushoto, jina la dawa.

“Hiki wakikichukua, nitapewa kingine,” alisema, akigonga cheti kwa kidole. Kisha akazirudisha zile ramani ndani na kufunga zipu.